Zine: maswali tunayoulizwa kila tunapotandika meza

Tukitandika vijarida vyetu mezani, maswali huwa yaleyale. Yupo anayeuliza bei, yupo anayeuliza ni vya dhehebu gani, na kila mwaka hakosi anayedhani tunauza ratiba ya Ramadhani. Hapa tumekusanya yanayojirudia zaidi. Jambo likiwa limeshajibiwa kwenye swali jingine, tumekuelekeza huko.

## Mwanzo kabisa

Zine ni nini hasa?

Ni kijarida ambacho mtu mmoja, au kikundi kidogo cha marafiki, hukiandika, hukipanga, hukitoa kopi na kukisambaza wenyewe. Hakuna mhariri wa kuombwa ruhusa, hakuna mwenye kampuni, na aghalabu hakuna faida. Inaweza kuwa karatasi moja iliyokunjwa ikaingia mfuko wa shati, au kurasa arobaini zilizobanwa kwa pini. Ndani weka unachotaka: mapishi ya marehemu bibi, majina ya samaki wa feri, vibonzo, mashairi, malalamiko ya nauli, ramani ya mashimo ya barabara ya mtaani kwako.

Wengi wakiishika mara ya kwanza husema, "Kumbe ni hiki tu?" Ndiyo, ni hiki tu, na ndiyo maana unaweza kuitengeneza leo jioni.

Neno lenyewe linatamkwaje?

Ni mkia uliokatwa kwenye neno la Kiingereza "magazine", yaani jarida, na wenyewe hulitamka "ziin". Sisi tunaliandika zine na kulisoma kama lilivyoandikwa. Usijaribu kulimalizia kwa "i". Mwenzetu mmoja alibandika tangazo lisemalo "Njooni tujifunze zini", nalo halikudumu ukutani hata nusu saa. Asiyelipenda neno aseme kijarida, ataeleweka.

Imeanzia wapi?

Mwaka 1930 wapenzi wa hadithi za kisayansi nchini Marekani walianza kutoa vijarida vyao wenyewe. The Comet cha Chicago, kilichotoka Mei mwaka huo, ndicho hutajwa kuwa cha kwanza. Watu hawa walikuwa wamejuana kupitia kurasa za barua za majarida ya dukani, yaliyokuwa yakichapa anwani za wasomaji. Oktoba 1940 mmoja wao, Russ Chauvenet, akabuni neno "fanzine", yaani jarida la mashabiki. Baadaye mashabiki wakadondoka, ikabaki zine.

Kilichoipa mbio ni fotokopi. Xerox 914 ya mwaka 1959 ilitoa kopi kwenye karatasi ya kawaida kwa kubonyeza kitufe, na miaka ya 1970 mashine za aina hiyo zilikuwa zimejaa maofisini, pamoja na wafanyakazi waliojua bosi anatoka saa ngapi. Julai 1976 karani kijana wa benki huko London, Mark Perry, alitoa Sniffin' Glue kuhusu muziki wa panki: maandishi ya taipureta, vichwa vya habari kwa kalamu nene, makosa yamekatwa kwa mstari na kuachwa palepale. Lilianza kwa kopi chache, na lilipofungwa mwaka uliofuata lilikuwa linatoka kwa maelfu. Mwaka 1991 wasichana wa Olympia na Washington, D.C., waliojiita riot grrrl, walichukua njia hiyohiyo kuandika juu ya udhalilishaji na miili yao, mambo ambayo magazeti ya muziki hayakuyagusa.

Kwa hiyo ni mambo ya Wazungu?

Jina, sawa. Tendo, hapana. Harlem, New York, mwaka 1926, vijana weusi wakiwamo Wallace Thurman, Langston Hughes na Zora Neale Hurston walitoa jarida lao, Fire!!, bila kumsubiri mkubwa yeyote. Lilitoka toleo moja tu, na nakala nyingi ziliteketea kwa moto zikiwa zimehifadhiwa. Jina liliwaponza.

Sogea karibu zaidi. Mwaka 1965 mjini Lubumbashi, chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu kilitoa historia ya mji wao, imepigwa taipureta na kudurufiwa, kwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa, si cha vitabu vya shule. Mwandishi wake, André Yav, alisimulia mji kwa macho ya waliokuwa wakipika na kufua.

Novemba 1969 wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza jarida la Cheche, kwa stensili na mashine ya kudurufu. Humo ndimo Issa Shivji alitoa mwaka 1970 uchambuzi wake mrefu wa matabaka nchini Tanzania, kabla haujawa kitabu. Novemba mwaka huohuo serikali ikalipiga marufuku, na mojawapo ya hoja ilikuwa jina: kwamba Cheche ni tafsiri ya Iskra, gazeti la wanamapinduzi wa Urusi, ilhali nchi ina siasa yake. Na Kinshasa, kuanzia 1990, mchoraji Mfumu'Eto alichora vibonzo kwa Kilingala, akavichapa mwenyewe na kuviuza mtaani.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesema anatengeneza zine, na sidhani wangefurahia kuitwa hivyo. Ninawahesabu kuwa wa ukoo kwa sababu walikuwa na la kusema, wakaitafuta mashine iliyokuwa karibu, wakalisema kwa lugha ya waliowakusudia. Kijana wa Mbagala akiniambia zine ni ya kuiga, humwonyesha hao kwanza.

Tofauti yake na kipeperushi ni nini?

Kipeperushi kinataka ufanye jambo: upige kura, uje mkutanoni, ununue dawa ya mende. Zine inataka uisome tu.

## Cha kuandika

Mimi si mwandishi. Nianze na nini?

Anza na jambo unaloweza kulizungumza dakika ishirini kijiweni bila kuchoka. Fundi baiskeli anajua vitu kuhusu spoku ambavyo hakuna kitabu cha Kiswahili kimeviandika. Mama lishe anajua wali wa watu sitini unavyopikwa bila kuungua chini. Zine nzuri kuliko zote nilizowahi kubadilishana na mtu ilikuwa orodha ya maneno yaliyoandikwa kwenye kanga za mama yake, na chini ya kila moja, siku alipoivaa na nani alikuwa akisemwa.

Zine mbovu ni ile inayotaka kumfundisha kila mtu kuhusu kila kitu. Punguza mada mpaka uone aibu kwamba ni ndogo mno, kisha andika.

Niandike kwa lugha gani?

Ile unayogombana nayo. Kama ni Kiswahili sanifu, sawa. Kama ni Sheng, Kiamu, Kibajuni au Kingwana, hiyohiyo. Hapa hakuna msahihishaji wa kukukatia maksi. Ushauri wangu mmoja tu: usiandike kwa Kiingereza kwa kudhani zine "inatakiwa" iwe hivyo, huku msomaji wako ni jirani yako wa Tandika.

Lazima nijue kuchora?

Hapana. Mkasi na magazeti ya zamani vinatosha (lakini tazama swali la haki za picha huko chini).

## Kuitengeneza

Nahitaji vifaa gani?

Karatasi za A4, kalamu nyeusi ya wino mzito, mkasi, gundi, rula, kijiko na stepla. Kijiko ni cha kusugulia mkunjo ulale. Penseli haitoki vizuri kwenye fotokopi, kwa hiyo chora kwa penseli ukipenda kisha pitisha wino. Usinunue rimu nzima kwa ajili ya zine ya kwanza; karatasi tano za kuharibia zinatosha.

Karatasi moja inakuwaje kurasa nane?

Hili tunaulizwa kuliko yote, na kulieleza bila karatasi mkononi ni tabu. Kwa hiyo chukua karatasi sasa hivi, ufuate nayo.

Ilaze A4 kwa upana. Ikunje mara moja kwa urefu, ikunjue. Kisha ikunje katikati kwa upana, na kila nusu uikunje tena kuelekea mkunjo wa kati. Ukiikunjua utaona vyumba vinane: vinne juu, vinne chini. Sasa kata kwa mkasi kwenye mstari wa katikati unaotenganisha safu ya juu na ya chini, lakini kata vile vyumba viwili vya kati tu. Kingo mbili za nje ziache zimeshikana. Ikunje tena kwa urefu, shika ncha mbili, zisukume kuelekeana. Pale ulipokata patafunguka, na karatasi itasimama kama msalaba. Izungushie kurasa zote upande mmoja, kijitabu kimepatikana, bila pini hata moja.

Sasa mpangilio wa kurasa, mahali ambapo kila mtu hukosea. Safu ya chini, kutoka kushoto: ukurasa wa 8 (jalada la nyuma), wa 1 (jalada la mbele), wa 2, wa 3. Safu ya juu, kutoka kushoto: 7, 6, 5, 4, na hizi zote ziandikwe kichwa chini miguu juu. Ukishamaliza, upande mmoja tu wa karatasi ndio una maandishi, maana yake kopi moja ni upande mmoja wa A4. Upande wa nyuma uko wazi. Wajanja huchapa bango huko, ili anayeikunjua akute zawadi.

Nikitaka kurasa nyingi zaidi?

Kunja A4 katikati upate kurasa nne za A5, kisha ongeza karatasi. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ili usipotee, kumbuka kanuni hii: kurasa mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu kwenye karatasi moja, ukizijumlisha unapata idadi ya kurasa zote na moja juu yake. Kwa kijarida cha kurasa 8 jumla ni 9: karatasi ya nje ina 8 na 1, nyuma yake 2 na 7, ya ndani ina 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Tengeneza kwanza kijitabu kitupu, andika namba kwa mkono, kisha kifumue utazame kila namba iko wapi.

Kama umeandika kwenye A4 na unataka kupunguza iwe A5, mwambie mtu wa steshenari aweke asilimia 71.

Stepla yangu haifiki katikati. Nifanyeje?

Tafuta ndala kuukuu. Laza karatasi zako juu yake zikiwa wazi, jalada likitazama juu, fungua stepla mpaka mdomo wake wa juu uwe huru, gonga pini kwenye mkunjo. Pini itazama kwenye ndala. Ng'oa taratibu, geuza, kunja miguu ya pini kwa kijiko. Kwa zine hamsini kazi hii inamaliza jioni moja na nusu ya ndala. Wengine hutoboa matundu matatu na kushona kwa sindano na uzi. Inapendeza zaidi, na haili kutu, jambo ambalo watu wa pwani tunalijua.

Mbona kopi zangu zimetoka vibaya?

Mara nyingi ni moja kati ya haya. Uliandika hadi ukingoni: mashine nyingi hazichapi ukingo wa karatasi, kwa hiyo acha kama milimita tano pande zote, ukipenda kumi. Ulijaza weusi mwingi: eneo kubwa jeusi hutoka na mabaka. Picha yako ina kijivu kingi: iongezee utofauti wa mwanga na giza kabla ya kuichapa. Au kioo cha mashine ni kichafu, na hapo omba kitambaa kwa adabu.

Toa kopi moja kwanza, ikunje, isome, ndipo uagize zilizobaki. Mwenye foleni nyuma yako atalalamika. Mwache.

Nitumie kompyuta au mikono?

Upendavyo. Ila ukipeleka faili kwenye flashi, jua kwamba flashi za steshenari huambukizana virusi. Afadhali utume kwa WhatsApp au barua pepe. Na ikiwa umeandika siri zako, simama hapo mpaka faili lifutwe kwenye kompyuta yao. Kijana wa kutoa kopi ndiye msomaji wako wa kwanza, hilo lihesabu.

Riso ni nini? Nasikia watu wa zine wanaisifia.

Ni mashine ya Kijapani ya kudurufu, na kama umesoma shule za huku, huenda ulifanya mtihani uliochapwa nayo. Hutoboa picha ya ukurasa kwenye karatasi maalumu iitwayo masta, kisha wino hupenya kwenye matundu kwenda kwenye karatasi. Masta hugharimu, kopi hazigharimu sana, kwa hiyo ni rahisi ukitoa nyingi na ni ghali ukitoa tano. Kila rangi ina pipa lake. Huko Ulaya na Marekani wasanii huitafuta kwa sababu ya rangi zake nzito. Kwetu imejificha ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Wino wake hupaka vidole hata siku kadhaa baadaye.

## Bei na kusambaza

Nitoe kopi ngapi?

Thelathini. Ukiambiwa toa mia tano, anayekuambia hajawahi kulala na maboksi ya karatasi chini ya kitanda. Tuseme dukani wanatoza shilingi 100 kwa upande: zine ya karatasi moja, kopi thelathini, ni shilingi 3,000. Kijarida cha kurasa nane za A5 kina pande nne, yaani shilingi 400 kila kimoja, 12,000 kwa thelathini. Zikiisha, toa nyingine. Ile kopi ya kwanza iliyo safi, yenye gundi na viraka, usimpe mtu.

Niuze au nigawe bure?

Desturi kongwe ya zine ni kubadilishana: nipe yako nikupe yangu, bila kupima ipi ni nene. Ukiuza, bei irudishe gharama na nauli. Ukigawa bure, gawa kwa mtu aliyenyoosha mkono mwenyewe. Zine iliyolazimishwa kwa abiria wa daladala utaikuta sakafuni kituo kinachofuata.

Duka la vitabu au mgahawa watazipokea?

Wengine watazipokea kwa mali kauli: unaacha kumi, wanauza, unarudi kuchukua chako baada ya wao kukata fungu lao. Andikishianeni idadi, hata kwenye daftari la kawaida, na urudi kweli. Wengi wetu tumepoteza zine si kwa kudhulumiwa bali kwa uvivu wa kurudi. Kwenda mikoani, bahasha kwa posta inafika, na kifurushi kinachokwenda na basi kinafika mapema zaidi.

Nikiituma PDF kwenye kundi la WhatsApp, bado ni zine?

Tumegombana sana juu ya hili. Msimamo wangu: itume, hasa kwa waliopo Muscat au Toronto ambao hawataipata vinginevyo, lakini iwe kwa mpangilio wa kuchapa na kukunja, ili wa huko awe na kazi ya mikono pia. PDF hupotea katikati ya salamu za asubuhi. Karatasi huokotwa na mdogo wako miaka sita baadaye kwenye droo.

## Sheria na tahadhari

Nahitaji ISBN?

Namba hiyo ya kutambulisha vitabu huihitaji ili kutengeneza na kugawa. Ukitaka kitabu kiingie kwenye mfumo wa maduka makubwa, Tanzania namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya na shirika la maktaba la taifa.

Leseni ni jambo jingine. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 inataka magazeti yawe na leseni, na Kenya ina sheria yake ya vitabu na magazeti. Kijarida cha mashairi kilichotoka mara moja si sawa na kinachotoka kila wiki na kuandika habari za serikali. Ukielekea upande huo wa pili, muulize mwanasheria kabla, si baada.

Naweza kutumia picha na mashairi ya watu wengine?

Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, hata kama haijasajiliwa popote, na humfuata mtunzi miaka mingi baada ya kufa. Omba ruhusa, ujumbe mfupi wa heshima mara nyingi unatosha. Ukitaka mashairi yasiyo na mwenyewe wa kukudai, rudi nyuma: Muyaka wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Ila ukinakili kutoka kitabu cha mhariri wa juzijuzi, maelezo na tafsiri zake bado ni mali yake.

Nikiandika habari za familia yangu au ex wangu?

Badilisha majina, badilisha mtaa, kisha mpe asome mtu anayewajua wote wawili. Akimtambua ndani ya dakika moja, hujabadilisha vya kutosha. Kopi thelathini ni chache, lakini mtaa wenyewe nao ni mdogo.

Na siasa?

Karatasi ndogo haina kinga ya peke yake. Mwaka 1982 nchini Kenya gazeti la siri liitwalo Pambana lilisambazwa mkono kwa mkono, na katika msako wa miaka ile watu walifungwa kwa kukutwa tu na maandishi ya aina hiyo. Sikukatazi. Nakuomba umfikirie pia atakayekutwa nayo mfukoni, si wewe uliyeiandika tu.

## Yasiyo ya kila siku

Nataka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kurasa zinakwendaje?

Tunafurahi kila tukiulizwa hili. Mgongo wa kijitabu unakuwa kulia, kwa hiyo mpangilio wa karatasi moja unageuka kama kwenye kioo: safu ya chini kutoka kushoto ni 3, 2, 1, 8, na ya juu, kichwa chini, ni 4, 5, 6, 7. Mikunjo na mkato ni vilevile. Na usiogope kwamba msomaji atakuwa mmoja au wawili. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake.

Zine yangu ya zamani naionea aibu, na imeingia maktaba. Naweza kuomba iondolewe?

Omba. Zipo maktaba zenye mikusanyo mikubwa ya zine, kama ile ya Barnard College huko New York, na wakutubi wa fani hii wanajua kwamba aliyeandika kwa ajili ya marafiki ishirini hakuwa akiuandikia ulimwengu. Sema kwa upole unachotaka: jina lifichwe, isiwekwe mtandaoni, au irudishwe.

Nimeshatoa kopi mia, ndipo nimeona jina la mama yangu nimelikosea.

Kwanza, tazama swali la idadi ya kopi. Kisha kaa chini na kalamu nyekundu, sahihisha moja baada ya nyingine, na anza na ile ya mama.